Vitabu vya Wageni

Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba sina kinyongo na Mwalimu Ochola. Nilimwambia mume wangu wakati tulipokuwa bado tunasemezana, nikawaambia wanafunzi wangu wa chuo kikuu kila nilipowasimulia mwaka wangu wa kwanza wa kazi, na nimewahi hata kuandika gazetini, kwa lugha ya mtu aliyekomaa, kwamba mambo ya zamani nimeyaacha zamani. Ni uongo. Kinyongo ninacho. Nimekitunza kuliko nilivyotunza ndoa, meno na akiba ya uzeeni, na Jumamosi iliyopita, nikiwa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai nje kidogo ya Kombewa, mbele ya jeneza la huyo huyo Mwalimu Ochola, niligundua kwamba hakijapungua hata punje. Mtu amekufa, amewekewa mashada, mjane wake analia kwa heshima zake, nami nimekaa na sahani ya wali na nyama mapajani, nimekasirika kama mtu aliyeporwa asubuhi hiyo.

Kilichoniwasha ni kipaza sauti. Aliyekishika alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, kijana mwenye suti inayong'aa, naye alikuwa anatuambia kwamba marehemu ndiye baba wa kusoma katika ufuo huu wote. Watoto wa shule yake, akasema, walishika vitabu vya picha mikononi wakati watoto wa shule nyingine hawajui kitabu cha picha kina rangi gani. Umati ukaguna kwa kukubali. Mwalimu Pamela, ambaye tulifundisha pamoja mwaka ule na ambaye sasa ni mstaafu mwenye magoti mabovu, aliniinamia na kuninong'oneza, "Kula, nyama inapoa. Na ukunjue uso. Watu watadhani ulikuwa bibi yake wa pembeni." Kisha, kabla sijameza, akaniletea ujumbe aliotumwa: shule imejengewa maktaba, maktaba itapewa jina la Ochola, na kamati inaomba mimi ndiye nizungumze siku ya kuifungua, kwa kuwa ndiye mwandishi pekee aliyewahi kupita pale. "Nitafikiria," nikasema. Nilipomaliza kufikiria, yaani baada ya kijiko kimoja cha wali, nikamuuliza swali ambalo nilikuwa sijamuuliza mtu yeyote tangu mwaka ule. "Awuor yuko wapi siku hizi?" Pamela akasema, "Awuor yupi? Dunga kuna Awuor wengi kuliko samaki." Nikamwambia, "Awuor wa kiboko." Akaacha kutafuna. "Yawa," akasema. "Sijui. Nitauliza."

Mwaka huo nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya fasihi, viatu viwili vya kisigino, na imani kwamba nchi ilikuwa inanisubiri. Nchi haikuwa inanisubiri. Walionichukua ni kamati ya wazazi ya shule moja ya msingi juu kidogo ya ufuo wa Dunga, iliyohitaji mtu wa kusimama mbele ya darasa la tatu mpaka serikali itakapomleta mwalimu wa kweli. Nilikuwa mtoto wa mjini, wa Kaloleni, Kiswahili changu kimenyooka na Kidholuo changu kinachechemea, na watoto wa miaka minane walikuwa wakinisahihisha kwa huruma, kama mtu anavyomvusha kipofu barabara. Tulipanga chumba kimoja Nyalenda, mimi na Pamela, tukakigawa kwa pazia la maua. Upande wangu kulikuwa na kitanda na sanduku la vitabu nilivyovinunua ili watu waone nimevisoma. Upande wake kulikuwa na jiko la mafuta ya taa, sufuria, na akili. Jioni Pamela alikaanga omena kwa nyanya na kitunguu mpaka chumba kizima kikanuka ziwa, tukala na ugali tukisikiliza jirani, ng'ambo ya ukuta wa mabati, akibishana na redio yake. Alikuwa akiiuliza maswali. Redio ikisema bei ya sukari itashuka, yeye anasema, "Lini? Sema lini!" Nilimcheka sana mwanamke yule. Baadaye mwaka ule nilikuja kumwonea wivu, kwa sababu alikuwa mtu mzima pekee niliyemjua aliyekuwa anauliza jambo baada ya kulisikia.

Ofisi ya Mwalimu Ochola, mwalimu wetu mkuu, ilikuwa chumba chenye baridi, sakafu imepigwa rangi nyekundu ya kung'arisha, na kwenye ukuta wa mbele lilisimama kabati la vioo. Mtu yeyote wa huku anajua kabati la namna hiyo. Sebuleni kwetu lilikuwapo, na kwa Pamela lilikuwapo, na kwa kila mtu aliyejiheshimu: juu kitambaa cheupe cha kushonwa kwa sindano, ndani sahani za maua na vikombe vyenye ukingo wa dhahabu ambavyo sisi watoto tulivijua kama tulivyowajua jamaa walioko ng'ambo, kwa kuwaangalia kwenye kioo. Hivyo vilikuwa vyombo vya wageni. Wenyewe tulikunywa chai katika vikombe vya bati. Basi Mwalimu Ochola, mtu mrefu, msafi, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, alikuwa ameichukua desturi hiyo na kuipeleka shuleni. Ndani ya kabati lake, badala ya sahani, kulikuwa na vitabu vya picha, vya kutosha darasa zima, vimepangwa majalada yakitazama nje, na juu yake kitambaa cheupe. Vililetwa na shirika moja la wafadhili. Siku yangu ya kwanza nilisimama mbele ya kioo nikavisifu, nikamuuliza darasa langu litavipata siku gani. Alinitazama kama mtu aliyeombwa aazime meno yake. "Mwalimu Zaituni," akasema, kwa upole kabisa, "hivyo ni vitabu vya wageni."

Nami nilicheka. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo: nilidhani ni mzaha, nikacheka, naye akacheka, tukanywa chai.

Wageni walikuja muhula wa kwanza. Watoto walioshwa mikono kwa sabuni na kupangwa chini ya dirisha lenye mwanga mzuri, ufunguo ukatolewa kiunoni kwa Mwalimu Ochola, kabati likafunguliwa, na kila mtoto akapewa kitabu chake. Kilikuwa kitabu cha kiboko na bibi mmoja mkulima, aitwaye Nyanya. Kiboko ana njaa. Kiboko anaona shamba la Nyanya. Nisamehe, Nyanya, sitarudia tena. Nyanya akacheka, na wakawa marafiki. Msomaji mkuu alikuwa msichana wa darasa langu, Awuor, mkubwa kidogo kuliko wenzake, aliyenyolewa kipara, sare yake ikinukia mafuta ya kukaangia kwa sababu mama yake alikuwa muuza samaki pale ufuoni. Alikuwa na sauti kama kengele. Alisoma kitabu kizima bila kumeza mate, akageuza kurasa mahali panapostahili, wageni wakapiga makofi, wakapiga picha, mmoja wao akafuta machozi. Mimi pia nilifuta. Nilikwenda nyumbani nikamwambia Pamela kwamba nchi hii ina matumaini. Pamela alikuwa anachambua omena. "Huyo kiboko," akasema bila kuinua kichwa, "aliomba msamaha kwa nini?" Nikasema kwa sababu aliharibu shamba. "Wamesema hivyo wapi?" Nikarudia hadithi kichwani. Kiboko anaona shamba. Nisamehe, Nyanya. Hawakusema mahali popote.

Kesho yake niliomba kitabu kimoja kwa kisingizio nilichokisahau, nikakiangalia vizuri. Katikati kulikuwa na ukurasa mnene kuliko wenzake. Kiwanda kilisahau kukata karatasi pale juu, kwa hiyo kurasa mbili zilikuwa zimejifunga ndani kama mfuko, na nilipochungulia kwa pembeni niliona rangi ya kijani, na mguu wa kiboko, na maandishi. Nilipokirudisha, kabati likiwa wazi, nikavichungulia na vingine: vyote vilikuwa hivyo. Mwalimu aliyenitangulia alikuwa amenakili kwenye ubao yale yaliyoonekana, watoto wakaimba ubao mpaka wakakariri, na tangu hapo wageni walikuja na kuondoka, picha zikapigwa, machozi yakafutwa, na hakuna mtu mmoja, mfadhili wala mwalimu wala mwenye shahada ya fasihi, aliyeuliza kiboko alikosa nini. Nilimwita Awuor dawatini kwangu wakati wa mapumziko, nikamwonyesha neno moja kwenye jalada, "Kiboko," nikamuuliza ni neno gani. Akaanza, "Kiboko ana njaa, Kiboko anaona..." Nikamwambia hapana, hili moja tu. Akatazama neno lile kama mtu anayetazama mlango ambao haujui una kitasa upande gani. "Sasa wewe ulisomaje jana?" nikamuuliza. Akanijibu kwa adabu, bila hila yoyote, "Nilisoma na mdomo, mwalimu."

Wiki ile ile mama yake alikuja. Sikuitwa ofisini, alisimama mlangoni mwa darasa akiwa na aproni ya kazi, magamba ya samaki yamemkauka kwenye mikono, akazungumza nami mbele ya watoto wote kwa sauti ya mtu aliyezoea kuuzia watu waliosimama mbali. "Wewe ndiye mwalimu ya huyu? Jana nyanya yake ametoka hospitali Kombewa na dawa. Nikampa huyu pakiti, nikamwambia soma, si unasomanga mpaka wazungu wanalia? Ameshika pakiti ya dawa, mwalimu. Ameniimbia habari ya kiboko." Darasa likacheka. Awuor hakucheka. "Nyanya yake alikuwa anataka kumeza zote mara moja, juu tembe ni ndogo. Sasa mimi nakwambia, na huyu anasikia. Shule ikifungwa Desemba kama hajui kusoma karatasi yenye haijui, mimi nachukua mtoto wangu. Samaki haitaki mtu ya kuimba." Nilijaribu kumweleza kuhusu hatua za ujifunzaji. Nakumbuka nilitumia neno "mchakato". Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa. Desemba," akaondoka.

Sikujua kufundisha kusoma. Naliandika hili bila aibu kwa sababu aibu yake si yangu peke yangu; nilikuwa na digrii, ninaweza kueleza nafasi ya msimulizi katika riwaya, na sikujua mtoto anafikaje kutoka kwenye alama hadi kwenye neno. Lakini niliona kitu kimoja: watoto wale walikuwa wakivitazama vitabu vile kupitia kioo kila walipotumwa ofisini, na walikuwa wakibishana juu ya picha. Kwa hiyo nilikwenda kwa Mwalimu Ochola, nikavaa uso wa unyenyekevu ambao haunikai, nikamwambia ninataka kuwaandaa kwa wageni wa mwisho wa mwaka. Alifurahi sana. "Eeh! Sasa umekuwa mwalimu," akasema, akatoa ufunguo kiunoni. "Mikono?" Nikasema itaoshwa. "Na visitoke darasani." Nikasema havitatoka. Hakuuliza nitawaandaa vipi. Nikapitia dukani nikanunua wembe.

Nilikata ukurasa wa kwanza mbele ya darasa. Sijawahi kushika hadhira namna ile, na nimehutubia makongamano. Walisimama juu ya madawati. Ndani ya mfuko ule, kijani kibichi, kiboko alikuwa amekalia jiko la Nyanya na jiko limepasuka vipande vipande, mahindi yamemjaa mdomoni, kunde zinaning'inia sikioni, na Nyanya anakuja mbio na mwiko. Kisha Awuor, kwa sauti ambayo haikuwa ile ya kengele, akasema, "Kumbe alimvunjia jiko!" Na mwingine, "Ndiyo maana aliomba msamaha!" Na wa tatu, ambaye baba yake alikuwa na bustani karibu na maji, akatangaza kwa hasira, "Rao hacheki. Hii ni uongo. Rao akikuja kwetu alikula sukuma yote na hakuomba mtu msamaha." Wakabishana juu ya rao, yaani kiboko, mpaka kengele ya chakula. Kisha nikawauliza: hapa chini ya picha, maneno yanasema nini? Na kwa mara ya kwanza walitazama maneno yale kama watu wanaotaka kujua jambo, kwa kuwa haya hayakuwa ubaoni, na hakuna mtu aliyekuwa amewaimbia.

Hiyo ndiyo ikawa njia yetu. Picha kwanza, midomo imefungwa. Nani yuko hapa, anataka nini, nini kitampata? Halafu kidole chini ya neno la kwanza. Neno hili linaanzaje? Linaweza kuwa "mahindi"? Linaweza kuwa "mwiko"? Angalia mwisho wake. Wakishakuwa hodari wa kubahatisha kwa picha, nilifunika picha kwa kiganja, wakanilaani. Wakiwa wanasoma ukurasa, nilikifunga kitabu katikati ya sentensi: mtoto akiendelea kusoma, ninajua anaimba, na darasa zima linapiga kelele, "Mdomo! Mdomo!" Ilikuwa mchezo. Tulipokuwa tumemaliza kiboko, tuliokota maboksi dukani, tukayakata, watoto wakachora ufuo wao wenyewe, mitumbwi, mama zao na makaango, paka mwizi, na chini yake tukaandika sentensi moja moja. Awuor alichora mkono wa mama yake, mkono tu, na samaki. Nilimwandikia, "Huyu ni mama." Akaitazama sentensi ile muda mrefu, akashika kifutio, akaufuta mstari wangu mwenyewe, akaniambia, "Huyu si mama. Ni mkono. Andika mkono." Ndipo nilipojua kwamba anasoma.

Alisoma polepole. Naomba mtu anayesoma hapa alikumbuke hili, maana ndilo jambo zima. Msomaji wa kweli wa miezi michache anasikika vibaya kuliko mtoto anayeimba. Anasimama. Anarudi nyuma. Anasema "ma... mahi... mahindi!" na anatoka jasho. Nilimwambia Pamela kwamba nina hofu kidogo na siku ya wageni, naye Pamela, aliyekuwa ameijua shule ile muda mrefu kunishinda, akasema, "Mwache aimbe siku hiyo moja, Zaituni. Siku moja tu. Halafu asome maisha yake yote." Nilimjibu kwa hotuba. Nilikuwa na umri wa kutoa hotuba.

Wageni wakaja muhula wa tatu, na safari hii Mwalimu Ochola aliwaalika wazazi. Mama Awuor alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, kitambaa safi kichwani. Awuor akasimama chini ya dirisha, akafungua kitabu, akaweka kidole. "Ki-bo-ko. Kiboko a-na njaa." Wageni wakatabasamu wakisubiri. "Kiboko anao... anaona sha... shamba la Nyanya." Mwalimu Ochola akahamisha mguu. Awuor akageuza ukurasa, ule uliokatwa, akavuta pumzi. "Kiboko ana-kula ma-hindi." Hapo Mwalimu Ochola, aliyekijua kitabu kama walivyokijua wote, kwa masikio, alidhani mtoto amepotea. Akamtupia neno kwa sauti ya chini ya tabasamu, "Nisamehe, Nyanya." Awuor akainua macho, akamtazama, akarudisha kidole. "A-nakula kun-de." "Nisamehe, Nyanya!" akarudia Mwalimu Ochola, tabasamu limebaki lakini macho yameondoka. Na Awuor, mtoto wa watu, akiwa anataka kumsaidia mkubwa wake aliyechanganyikiwa, akamwambia waziwazi mbele ya watu wote, "Bado, mwalimu. Bado hajavunja jiko."

Hakuna aliyecheka. Mgeni mmoja aliandika kitu kwenye karatasi yake. Mwalimu Ochola akakichukua kitabu mkononi mwa Awuor kwa upole ule ule wa kuchukua kikombe cha wageni kutoka kwa mtoto, akasema kwa Kiingereza, akarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya wazazi, kwamba huyu ni mmoja wa wanyonge wetu, tunaendelea kumsaidia, akamwita mvulana wa darasa la nne, naye akaimba kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila jiko, bila kunde, bila kosa lolote la kuombewa msamaha. Makofi.

Nilimfuata mama Awuor mpaka nje ya lango. Alikuwa amemshika mtoto mkono. "Mama Awuor, alikuwa anasoma," nikamwambia. "Ile ndiyo kusoma." Akageuka. "Muhula wa kwanza alikuwa anasoma kama redio," akasema. "Leo anasoma kama mgonjwa. Na mwalimu mkuu mwenyewe amesema ni mnyonge, nimesikia na masikio yangu. Wewe ndiye umemfundisha kugugumia?" Nikasema hapana, nikasema ndiyo, nikaanza tena ile habari ya hatua. Awuor alikuwa anatazama viatu vyangu. Wakashuka kuelekea ufuoni, na sikumwona tena darasani.

Ofisini, vitabu vilikuwa vimerudishwa kwenye kioo, na wembe wangu umewekwa mezani juu ya karatasi safi kama kidhibiti. "Umenikatia vitabu," akasema Mwalimu Ochola, "na umeniharibia msomaji." Nikamuuliza kama alikuwa anajua. Nilitaka aseme hakujua. Ningeweza kumsamehe mjinga. Akaunyoosha ukingo wa kitambaa cha kabati. "Zaituni," akasema, "angalia juu. Hayo mabati yaliletwa na nani? Madawati? Unafikiri walileta kwa sababu mtoto amesema ma, ma, ma? Wageni wanataka kuona mtoto anasoma." Nikamwambia, "Alikuwa anasoma!" Akasema, "Wanataka kuona." Alikuwa anajua. Alijua tangu mwanzo kwamba watoto wale hawakujua neno moja, na aliendelea kuwaosha mikono. Nikamwambia maneno ambayo mwanamke wa Kaloleni hamwambii mtu wa umri wa baba yake, na muhula haujaisha nikawa nimerudi mjini na sanduku langu.

Nimeishi vizuri juu ya hasira ile. Nimeiandikia makala, nimeijengea sifa, nimeshangiliwa. Sikuwahi kushuka tena Dunga. Ningekuwa mkweli zaidi hapa juu ningesema kwamba niliogopa kumkuta mwanamke mtu mzima nyuma ya kaango la mafuta, hajui kusoma, akaniambia, "Wewe ndiye yule wa kugugumia?" Ni rahisi kumchukia Ochola kuliko kushuka kilima kile. Lakini hata ukiondoa woga wangu wote, kiasi kikubwa cha hasira kinabaki, na hicho ni chake kihalali, naye amezikwa nacho huku akisifiwa kwa kipaza sauti.

Jumanne asubuhi nilikuwa naandika barua ya kuikataa kamati, kwa maneno laini, ya kusingizia safari, simu ikalia. Namba ngeni. Nyuma ya sauti kulikuwa na kelele za soko na honi za magari.

"Mwalimu Zaituni? Ni Awuor. Ya Dunga. Pamela amenipea namba yako."

Nikasema Awuor mara mbili, kama mzee. Akaniambia yuko Mamboleo, ana kibanda cha samaki wa jumla, ana watoto watatu, mama yake bado yuko, bado mkali. Nikashindwa kujizuia, nikamuuliza swali lile kwa namna ya kijinga kuliko zote: "Unasoma?"

"Nasoma nini?"

"Chochote."

"Mwalimu, mimi husoma kila kitu. Hata ile masharti ya mkopo, ile maandishi madogo. Watu ya soko huniletea." Akacheka. "Mama alinitoa, ndiyo. Lakini zile boksi ulituachia nilienda nazo. Mkono ya mama niko nayo mpaka leo. Na dawa ya nyanya nilisoma hiyo Desemba. Polepole. Mama alisimama hapo na mwiko mpaka nikamaliza. Hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Huyo ni mama." Kelele za honi zikapita. Kisha sauti yake ikabadilika. "Lakini si hiyo nilikupigia. Pamela anasema wanataka ukuje uongee siku ya kufungua maktaba. Mtoto yangu wa mwisho ako hapo, darasa ya pili. Jana amekuja nyumbani amefurahi, ati yeye ndiye amechaguliwa kusomea wageni. Wamempea kitabu moja akuje nayo, ya kufanya mazoezi. Akanisomea. Mwalimu, alisoma vizuri! Kama redio. Nikafurahi. Halafu nikakumbuka wewe. Nikafunga kitabu."

"Na?"

"Akaendelea."

Upande wa pili mtu aliuliza bei, akajibiwa kwa ukali.

"Nikaenda huko shuleni leo asubuhi," akasema Awuor. "Hiyo maktaba ni nzuri, ina vioo mpaka chini. Zile vitabu zingine zote bado ziko kwa nailoni. Hata hawajafungua. Nikauliza mwalimu, hizi watoto watasoma lini? Akaniambia tungoje wageni."

Niliitazama barua yangu ya maneno laini. "Waambie nitakuja," nikamwambia. "Nitaongea. Uje na mtoto, na umlete mama yako pia, asimame mbele. Na Awuor, una wembe?"

Alicheka mpaka nikasikia anaweka kitu mezani.

"Mwalimu, mimi ni mtu wa samaki. Wewe kuja tu. Visu ziko."